Presha na Figo: Nani Yuko Hatarini Zaidi, na kwa Nini

Watu wazima wapatao bilioni 1.4 duniani wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao watazeeka figo zao zikiwa bado zinafanya kazi. Wachache wataishia kwenye kitanda cha kusafishia damu, mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Mgonjwa wa presha anastahili kujibiwa swali moja: ni nini kinachowatenganisha hawa na wale? Jibu lililozoeleka kliniki, kwamba presha ikipanda inaharibu figo, ni la kweli lakini halitoshi. Watu wawili wanaweza kuishi miaka kumi na presha ya 170 kwa 100, mmoja figo zake zikabaki salama na za mwenzake zikafika ukingoni. Wako pia wanaomeza dawa kwa uaminifu, presha ikashuka, na bado figo zikaendelea kudhoofika.

Ukiuchambua ushahidi uliokusanywa kwa miongo kadhaa, unaona kwamba presha peke yake huharibu figo polepole. Kinachoharakisha safari ni vile vinavyoandamana nayo: kisukari, urithi, namna mtu alivyozaliwa, mimba ilivyokwenda, dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani. Vingi kati ya hivyo vinaweza kujulikana kwa maswali machache, na madhara yake yakagunduliwa mapema kwa vipimo viwili ambavyo wagonjwa wengi wa presha hawajawahi kufanyiwa.

Uhusiano wa pande mbili

Figo zetu mbili hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na kwa siku nzima vichujio hivyo huchuja kama lita 180 za maji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka kama mkojo.

Mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kila kichujio hujibana presha inapopanda, ili nguvu ya damu isifike kwenye kuta laini za ndani. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mshipa huo hunenepa na kukakamaa. Vichujio vingine hukosa damu vikasinyaa, na vilivyobaki hubebeshwa kazi ya vilivyokufa. Aliyewahi kukamua tui anajua kwamba kifumbu kikikamuliwa kwa nguvu kupita kiasi nyuzi zake huachana na machicha yakaanza kupita. Kwenye figo kinachopita ni albumini, protini ambayo mtu mwenye afya hupoteza kwa kiasi kidogo mno kwenye mkojo. Ikianza kuonekana, ni ishara kwamba kichujio kimeumia, hata kama mtu anajisikia mzima kabisa.

Lakini uhusiano huu hauendi upande mmoja. Mwaka 1836 daktari Richard Bright wa Guy's Hospital, London, aliandika kuhusu wagonjwa wa figo ambao mioyo yao, baada ya kufa, ilikutwa imepanuka. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alibana mishipa ya figo za mbwa na presha yao ikapanda. Figo inayokosa damu ya kutosha hutoa renini, kemikali inayoanzisha mfululizo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Kwa hiyo figo mbovu hupandisha presha, na presha iliyopanda huzidi kuiharibu figo.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mgonjwa. Kijana wa miaka 28 anayekutwa na presha ya 190 kwa 120 huenda figo zake ndizo zilizoanza kuumwa kimyakimya. Kumwandikia dawa ya presha na kumruhusu aende nyumbani bila kupima mkojo na damu ni kushughulika na moshi na kuuacha moto.

Presha inabeba lawama kiasi gani?

Ushahidi unaoishitaki presha ni mzito. Nchini Marekani wanaume 332,544 waliopimwa presha katika miaka ya 1970 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 16. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba kadiri presha ya mwanzo ilivyokuwa juu, ndivyo hatari ya figo kushindwa kabisa ilivyopanda. Waliokuwa na 210 kwa 120 au zaidi walikuwa na hatari zaidi ya mara 20 kuliko wenye presha nzuri kabisa.

Kama hadithi ingeishia hapo, dawa yake ingekuwa nyepesi: shusha presha, okoa figo. Hilo ndilo lililojaribiwa katika utafiti mwingine wa Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama AASK, uliowahusisha Wamarekani weusi 1,094 wenye presha ambao figo zao zilikuwa zimeshapungua nguvu na ambao hawakuwa na kisukari. Kundi moja lilishushwa hadi karibu 128 kwa 78, jingine likabaki karibu 141 kwa 85. Mwaka 2002 majibu yalitoka: kasi ya figo kudhoofika haikutofautiana kwa maana yoyote kati ya makundi hayo. Walipoendelea kufuatiliwa kwa miaka kumi, na wengi presha yao ikiwa imedhibitiwa vizuri, zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, figo zimeshindwa, au kiwango cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, kimeongezeka maradufu.

Hata hivyo utafiti huohuo ulitoa mafunzo mawili. La kwanza: dawa ya ramipril, inayozuia ule mfululizo unaoanzishwa na renini, ililinda figo kuliko dawa nyingine zilizoshusha presha kwa kiwango kilekile. La pili lilionekana mwaka 2010: waliokuwa wanavuja protini kwa wingi kwenye mkojo ndio walionufaika na kushushiwa presha zaidi. Inamaanisha kwamba wagonjwa wa presha si kundi moja. Kuna anayevuja na asiyevuja, na kipimo cha mkojo ndicho kinachowatenganisha.

Mkoani Kilimanjaro, utafiti wa jamii uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo; mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2. Takriban mmoja kati ya kumi wa waliokuwa nao ndiye aliyekuwa na habari. Lakini takwimu inayopaswa kumfikirisha kila mganga ni nyingine: karibu nusu ya wagonjwa hao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Kuna kinachoharibu figo nje ya orodha tuliyoizoea, na mtu mwenye presha naye anaweza kuwa nacho bila kuulizwa.

Kisukari, mwenzi wa kwanza

Katika vyote vinavyoandamana na presha, hakuna kinachokitangulia kisukari. Takriban mmoja kati ya wagonjwa watatu wa kisukari hupata ugonjwa wa figo. Sukari nyingi hulegeza mshipa unaoingia kwenye kichujio, ule ambao kazi yake ni kujibana kukilinda. Presha ya juu ikikutana na mlango uliolegea, nguvu yote ya damu hufika ndani. Ndiyo maana mtu mwenye magonjwa yote mawili hatari yake si ya kujumlisha tu. Kila ugonjwa huongeza makali ya mwenzake.

Uzito uliopitiliza hupita njia hiyohiyo, kwa kuwa mwili mkubwa hudai uchujaji mwingi kutoka kwa vichujio vilevile. Sigara hukakamaza mishipa na kuongeza uvujaji wa protini. Umri hatuwezi kuukwepa, ila unaongeza sababu ya kupima.

Urithi, na somo la malale

Kwa muda mrefu ilionekana Marekani kwamba watu weusi wenye presha hupoteza figo kwa wingi kuliko weupe, na lawama zikaangukia presha yenyewe, umaskini na huduma duni. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya kitendawili hicho ilifumbuliwa. Kuna mabadiliko mawili ya jeni iitwayo APOL1 yanayompa mtu kinga dhidi ya baadhi ya vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Nakala moja humlinda mtu na vimelea. Nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, huongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo. Washiriki wa AASK walipopimwa jeni hiyo, asilimia 58 ya wenye nakala mbili figo zao zilifikia hatua mbaya, dhidi ya asilimia 37 ya wengine. Wengi walioambiwa kwamba presha imeharibu figo zao walikuwa na ugonjwa wa kurithi ambao presha ilikuwa dalili yake.

Tusiichukue habari hii kama ilivyo na kuipandikiza kwetu. Mabadiliko hayo yamejaa Afrika Magharibi; nchini Ghana na Nigeria karibu mtu mmoja kati ya watatu ana nakala mbili. Afrika Mashariki ni machache zaidi, na Ethiopia karibu hayaonekani. Kwa msomaji wa Mwanza au Mombasa, swali la kuuliza ni rahisi zaidi: katika ukoo wetu, nani alivimba miguu na uso, nani alisafishwa damu, nani alikufa kijana kwa presha? Anayejibu kwamba ni baba au dada yake anapaswa kupimwa mapema na mara nyingi kuliko wengine.

Hatari inayoanzia tumboni mwa mama

Idadi ya vichujio ambayo mtu anazaliwa nayo ndiyo mtaji wake wa maisha. Baada ya kuzaliwa haviongezeki. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walihesabu vichujio katika figo za watu 20 waliokufa kwa ajali. Kumi waliokuwa na presha walikuwa na vichujio kama 700,000 kwa kila figo. Kumi wasio na presha walikuwa na takriban milioni 1.4. Kundi ni dogo, lakini tofauti ni kubwa, na inaendana na hoja iliyotolewa tangu mwaka 1988 kwamba mtoto anayezaliwa na uzito mdogo huanza maisha na vichujio pungufu, na kila kimoja hulazimika kufanya kazi ya ziada. Lishe ya mama mjamzito ni suala la figo za kizazi kijacho.

Mama naye ana hatari yake. Presha inayopanda wakati wa ujauzito pamoja na protini kwenye mkojo, hali inayotangulia kifafa cha mimba, mara nyingi huhesabiwa kuwa imekwisha mtoto akishazaliwa. Kumbukumbu za wanawake wa Norway zilizokusanywa tangu mwaka 1967 zimeonyesha kwamba waliowahi kupata hali hiyo hatari yao ya figo kushindwa baadaye ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya wenzao, ingawa kwa kila mmoja uwezekano bado ulikuwa mdogo. Mwanamke wa miaka 45 anayefika kliniki ya presha aulizwe mimba zake zilikwendaje. Ni swali la nusu dakika.

Maambukizi ya kwetu

Virusi vya UKIMWI vinaweza kushambulia vichujio moja kwa moja. Tenofovir, iliyomo katika mseto wa dawa unaotumiwa na watu wengi, inaweza kudhuru mifereji midogo ya figo kwa baadhi yao. Hii si sababu ya kuacha dawa hata siku moja, kwa kuwa virusi visivyodhibitiwa ni hatari zaidi. Ni sababu ya kupima figo kwa ratiba. Kichocho cha mkojo, kilichozoeleka Unguja, Pemba na maeneo mengi ya pwani, huacha makovu kwenye mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo ukirudi nyuma kwa miaka, figo huvimba na kuharibika. Mtu wa namna hiyo akipata presha ukubwani, figo zake zinaanza zikiwa tayari zimejeruhiwa.

Kaunta ya duka la dawa

Hatari iliyo rahisi kuondoa kuliko zote iko kwenye kaunta. Mama mwenye presha, anayemeza kidonge cha kukojoa maji pamoja na kingine cha kundi la ramipril au losartan, anaamka mgongo ukimuuma. Anafika dukani: "Kaka, naomba zile za mgongo, za siku tano." Anapewa diklofenaki, analipa, anaondoka. Muuzaji hakuuliza anatumia dawa gani, na mama hakujua kwamba inambidi aseme.

Kinachotokea ndani kinaeleweka vizuri. Kidonge cha maji kimepunguza ujazo wa damu. Losartan imefungua mlango wa kutokea wa kichujio. Diklofenaki, kama ilivyo ibuprofen, huzuia kemikali zinazouweka wazi mlango wa kuingilia. Damu inaingia kidogo, inatoka haraka, na nguvu ya kuchuja inaanguka. Mtu akiwa na kuhara au kutapika, au amefanya kazi juani bila maji, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Hata wengi wanaopona hubaki na upungufu ambao miaka ya presha inaumalizia. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo.

Mitishamba nayo inahitaji ukweli bila dharau. Mapema miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 mjini Brussels, Ubelgiji, waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya mimea vya kupunguza uzito vilivyokuwa na asidi ya aristoloki. Walikuwa watu wa mjini, chini ya uangalizi wa kliniki. Mmea kuwa wa asili hakuufanyi uwe salama, na chupa isiyo na maelezo ya kilichomo haimfai mtu mwenye presha.

Chumvi ni hatari ya kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, huku wastani wa dunia ukiwa takriban mara mbili yake. Kwetu haitoki kwenye kopo la mezani pekee. Iko kwenye papa mkavu na ng'onda, kwenye viungo vya pakiti vya kuchanganyia mchuzi, kwenye chipsi zinazonyunyiziwa mara ya pili. Kwa mgonjwa wa figo chumvi nyingi hupandisha presha na pia hudhoofisha kazi ya dawa zinazozuia protini kuvuja. Chumvi mbadala zenye potasiamu zinawafaa baadhi ya watu, lakini ambaye figo zake zimedhoofika asizitumie bila daktari, kwa kuwa potasiamu ikijaa mwilini inaweza kusimamisha moyo.

"Dawa za presha zinaua figo"

Imani hii imeenea, na imewagharimu wengi. Inajengwa juu ya jambo lililoonwa kwa macho: fulani alianza dawa, baada ya muda figo zikafa. Mara nyingi figo zilikuwa zinakufa tayari, na presha iliyompeleka hospitali ilikuwa ishara yake. Ni kweli kwamba dawa za kundi la ramipril na losartan zinaweza kupandisha kreatinini kidogo mwanzoni. Daktari hutegemea hilo, na ongezeko lisilozidi asilimia 30 kwa kawaida huvumiliwa, kwa sababu ni matokeo ya kupunguza nguvu inayoumiza kichujio. Zinachohitaji ni kupimwa damu wiki chache baada ya kuanza, na kuepukwa na mjamzito.

Kuna suala jingine la kitaalamu. Kwa watu weusi, dawa za kundi la amlodipine na vidonge vya maji hushusha presha vizuri zaidi zikitumiwa peke yake, na ndiyo maana huandikwa kwanza. Uamuzi huo ni sahihi kwa asiyevuja protini. Kwa anayevuja hautoshi. Anahitaji kuongezewa ramipril, losartan au ndugu zake. Tangu mwaka 2020 pia imethibitika kwamba dapagliflozin, iliyobuniwa kwa ajili ya kisukari, hupunguza kasi ya figo kufa hata kwa baadhi ya wasio na kisukari. Faida zote hizi zinamfikia tu mgonjwa ambaye mtu amekumbuka kumpima.

Vipimo viwili

Kipimo cha kwanza ni cha mkojo. Ukanda mwembamba wa plastiki unachovywa kwenye kikopo, unatolewa, unasubiriwa kama dakika moja. Kiraka cha protini kikibaki cha njano, hakuna protini nyingi. Kikigeuka kijani, ipo, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo inavyozidi. Kazi hii inawezekana kwenye zahanati isiyo na umeme. Maabara yenye uwezo zaidi hupima albumini kwa kulinganisha na kreatinini ya mkojo, na hugundua uvujaji mdogo ambao ukanda hauuoni.

Kipimo cha pili ni kreatinini ya damu, ambayo hutumika kukadiria uwezo wa figo kuchuja. Kiwango cha kuchuja kilicho chini ya 60, au albumini ya zaidi ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, kikidumu zaidi ya miezi mitatu, ni ugonjwa sugu wa figo. Kipimo hiki kina upungufu wake: mtu anaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu za figo kabla kreatinini haijavuka mstari wa kawaida. Utafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha pia kwamba makadirio ya kreatinini huzipa figo za Waafrika sifa kuliko zinavyostahili. Kwa hiyo matokeo mazuri ya damu hayaondoi haja ya kupima mkojo.

Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ni mafanikio ya kujivunia. Lakini hakuna nchi, hata tajiri, iliyowahi kulimaliza tatizo la figo kwa mashine na upasuaji. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza kuhusu afya ya figo, na uzito wake utapimwa ngazi ya chini kabisa, pale ambapo watu wanapanga foleni na madaftari yao kupimwa presha.

Kila kliniki ya presha ina mashine ya kupimia presha mkononi. Iwe pia na ukanda wa mkojo, na kila mgonjwa apimwe mkojo na damu angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye kisukari, mwenye historia ya ukoo, aliyewahi kupata shida ya mimba na mwenye virusi vya UKIMWI asikose kabisa. Wizara ziweke ukanda huo kwenye orodha ya vifaa visivyoruhusiwa kuisha, kama zinavyofanya kwa kipimo cha malaria. Wauzaji wa dawa waulize swali moja kabla ya kutoa diklofenaki: una presha? Na mgonjwa asikubali kuambiwa presha yake peke yake. Aondoke akijua namba tatu: presha yake, protini ya mkojo wake, na kiwango cha kuchuja cha figo zake. Asiyezijua azidai, kwa sababu figo haziumi zinapokufa, na mwenye kusubiri dalili atakuwa amechelewa.